Uzi: DoS za databesi tunazichukulia poa sana, mafundi wa Mbeya na Nyanda za Juu piteni hapa

Mzee wa Kabwe (mwanzisha uzi)

Wakuu kwema? Nimeamua kuandika hapa maana nimechoka kusikia kauli moja kila nikikaa na mafundi wenzangu, eti "hiyo ni DoS tu, haiibi data". DoS ni shambulio la kuifanya sistimu isipatikane. Mtu anasoma taarifa ya udhaifu wa MySQL, ile programu ya databesi, anaona alama ya hatari 4.9 kati ya 10, anaona siri hazijaguswa wala data haijachezewa, anafunga anaendelea na mambo yake. Mi nasema kwa sistimu tunazohudumia sisi huku, maduka ya jumla, SACCOS, AMCOS za kahawa kule Mbozi, zahanati, databesi ikilala asubuhi ya siku ya biashara inauma kuliko mtu kuiba bei za mbolea zako ambazo hata hivyo zimebandikwa ukutani.

Wengi wakisikia DoS wanawaza trafiki inamwagika kutoka kompyuta elfu ngapi sijui. Hiyo ipo, ila kwenye databesi mara nyingi kweri moja tu, yaani ombi moja kwa databesi, inatosha kazi. Mi naziona za namna mbili.

Ya kwanza ni ya kuiua kabisa. Databesi kabla haijatekeleza kweri yako kuna sehemu inakaa kuipangia njia, ianze jedwali lipi, itumie indeksi ipi (orodha ya kutafutia haraka), hiyo wanaiita optimaiza. Sasa mtu akiandika kweri ya ajabu, kweri ndani ya kweri ndani ya kweri, kuna wakati optimaiza inafika pahali walioiandika hawakupategemea, inagusa memori isiyo yake na programu nzima inakufa. MySQL ni prosesi moja (programu moja inayokimbia) yenye nyuzi nyingi (threads) ndani, kwa hiyo uzi mmoja ukifa vibaya wote mmekufa. Ni kama mashine ya kukoboa mpunga pale Kyela, jiwe likiwa kwenye gunia la mtu mmoja na mashine ikazima, foleni nzima mnakaa chini mnasubiri. Oracle, wenye MySQL, wanatoa pachi (marekebisho ya udhaifu) mara nne kwa mwaka, Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na ukisoma upande wa MySQL utakuta maelezo karibu yanafanana mstari kwa mstari, kwamba mshambuliaji anaweza kuifanya seva igande au ianguke kila anapotaka. Hapo penye kila anapotaka ndo pa kusimama. Seva ikiwaka tena lazima kwanza InnoDB, sehemu ya MySQL inayotunza data, isome logi zake irudishe mambo sawa, ikimaliza tu jamaa anarusha ile ile, imelala tena.

Ya pili haiui chochote, inakula tu nafasi zote. Hii haihitaji hata udhaifu wenye namba ya CVE, ile ya orodha ya udhaifu unaojulikana. MySQL kwa kawaida inakubali koneksheni 151 kwa wakati mmoja, PostgreSQL, databesi nyingine, 100. Zikijaa, wa kufuata anakataliwa, kwenye MySQL anaambiwa Too many connections, basi.

Nakuja na mfano chini, ngoja nimpelekee mtu flashi.

Kijana_Uyole

Nipo siti ya mbele mkuu. Ila swali, nani anahangaika kuangusha seva ya duka la pembejeo Mbeya? Hawa jamaa wanatafuta mabenki.

Mzee wa Kabwe

Nakujibu na ule mfano kabisa. Kuna duka la jumla la pembejeo hapa mjini, silitaji, lina matawi Uyole na Tunduma. Msimu wa mbolea umechanganya, mvua zimeshaanza, watu wamepanga mstari hadi nje. Sistimu ina kisanduku cha kutafuta bidhaa, na aliyeitengeneza kaandika LIKE, amri ya kutafuta maneno yanayofanana, yenye alama ya asilimia mbele na nyuma, yaani '%urea%'. Ile asilimia ya mbele inaifanya indeksi ya kawaida isisaidie kitu, databesi inasoma jedwali zima mstari kwa mstari, na jedwali lenyewe limeunganishwa na mauzo ya miaka yote. Enzi duka lina bidhaa chache hakuna aliyeona. Siku ile binti wa kaunta anabonyeza tafuta, kimya. Anabonyeza tena. Anafunga ukurasa anafungua upya anabonyeza tena, na wa tawi la Tunduma naye hivyo hivyo. Kumbe kule kwenye seva zile kweri za mwanzo bado zinakimbia, maana kufunga ukurasa hakuiambii databesi iache, inaendelea kusaga mpaka imalize ndo inagundua hamna wa kumpa jibu. Zikarundikana mpaka 151, na duka likasimama.

Sasa yule binti ni adui? Hakuna adui pale. Sasa weka mtu mwenye nia mbaya, mfanyakazi aliyefukuzwa tu ambaye paswedi yake haijafutwa, akae ageuze kile kisanduku kazi ya makusudi. Hahitaji kuwa mtaalamu wa chochote.

Na kilichoniudhi zaidi ni hiki. MySQL imewawekea mafundi mlango wa dharura, inaruhusu koneksheni moja ya ziada juu ya zile 151 kwa ajili ya msimamizi, ili vikijaa uweze kuingia ukaue zilizokwama. Lakini programu ya duka ilikuwa inaingia kwa root, akaunti ya msimamizi mkuu! Kwa hiyo na ile nafasi ya msimamizi programu ilishaila. Fundi yupo nje kama wateja, ikabidi izimwe seva nzima kwa nguvu.

BabaViazi

Daah hiyo ya root imenigusa. Mi huku Njombe naona sistimu nyingi tu zinaingia kwa root na paswedi haina, yaani imeachwa vile vile ilivyosakinishwa.

Mhehe Halisi

Kamwene wakuu. Mi wa Iringa, Kihesa. Ndo maana sisi wengine tulihama kitambo kwenda PostgreSQL, kule kila koneksheni ina prosesi yake, ikifa moja nyingine zinaendelea. Hayo matatizo ya jiwe kwenye mashine hatuna.

Dada Data

Kaka Mhehe hapo unajidanganya mchana kweupe. Prosesi ni tofauti ndiyo, ila zote zinashea memori moja. Prosesi ya mteja mmoja ikifa vibaya, ile prosesi mama haiwezi kuamini tena kilichomo kwenye memori ya pamoja, inaziua zote zilizobaki na kuanza kurejesha kutoka kwenye logi. Fungua logi zako siku ikitokea utakuta yenyewe inasema inakatiza koneksheni nyingine kwa sababu kuna moja imekufa. Umehama nyumba, paa ni lile lile.

Na PostgreSQL nao wameshapata zao. Aprili 2013 walitoa toleo la dharura kwa CVE-2013-1899, mtu akiomba kuunganishwa na databesi ambayo jina lake linaanza na alama ya kistari, seva ilichukua lile jina kama maelekezo ya kuwashia na ujumbe wa kosa ukawa unaandikwa ndani ya mafaili ya databesi yenyewe. Yaani inakuharibia mafaili hadi haiwaki. Na hakuhitaji paswedi, alihitaji kuifikia poti (mlango wa netiweki wa databesi) tu. Ilikuwa nzito kiasi kwamba wenyewe walifunga kwa muda watu wasione kodi inavyobadilika mpaka pachi itoke.

Mhehe Halisi

Dada nimenywea 😅 ila hiyo ya 2013 ni zamani bwana.

Dada Data

Unataka ya karibuni? Redis, databesi inayoweka data kwenye memori, Aprili 2025, CVE-2025-21605. Redis inamwekea kila mteja bafa ya majibu (nafasi ya memori yanaposubiri kusomwa), na kwa mteja wa kawaida ile bafa haikuwa na kikomo. Mtu anaunganisha, anatuma maombi kibao halafu hasomi majibu, majibu yanajaa kwenye memori ya seva mpaka inaisha. Utasema mi nimeweka paswedi. Asiye na paswedi kila akituma kitu anajibiwa hujajitambulisha, hujajitambulisha, na yale majibu ya kumkatalia nayo yanaingia kwenye bafa ile ile. Paswedi ipo, inafanya kazi, na seva inakufa kwa kumkatalia mtu.

Mtoto wa Tukuyu

Hahahaaa "seva inakufa kwa kumkatalia mtu", hii nimeichukua.

Kijana_Uyole

Sawa nimeelewa ya binti wa kaunta. Ila turudi kwenye zile zenye alama 4.9, si wenyewe wanasema anahitaji haki za juu? Mtu mwenye haki za juu si anaweza hata kufuta databesi yote, sasa aangushe ya nini?

Mzee wa Kabwe

Swali zuri sana hili na ndo linalofanya watu walale. Zile alama zina fomula yake, CVSS. Udhaifu wa kuangusha seva kupitia netiweki bila kugusa siri wala usahihi wa data, kama unahitaji akaunti yenye haki za juu unapata 4.9. Ukihitaji akaunti ya kawaida tu inapanda 6.5. Ukiwa hauhitaji akaunti kabisa, 7.5. Madhara ni yale yale kote, seva imelala, kinachobadilika ni nani anaweza kuifikia.

Sasa ile 4.9 imehesabiwa kwa kudhani mwenye haki za juu ni msimamizi mmoja mwenye akili zake. Kama programu yako inaingia kwa root basi kila tundu kwenye programu, kisanduku cha kutafuta, fomu ya kuingia, kisichosafisha anachoandika mtu, kinampa mtu wa nje zile haki za juu. Kwako wewe ile sio 4.9 tena. Na kuhusu kufuta, bwana anayefuta anaacha alama na wewe unarudisha bakapu mambo yanaisha. Anayekuangushia seva kila baada ya dakika chache mwezi mzima wa mauzo hata hujui ni shambulio, utanunua ramu, utabadilisha rauta, utamlaumu TANESCO.

BabaViazi

TANESCO tena 😂😂 hapo umegonga, mi kila kitu nasema umeme.

Ngoja Ngoja

Wajuzi wekeni hiyo kweri ya kuangusha basi tujaribu, kuna sistimu ya jamaa mmoja hapa Mafinga anajidai sana.

Dada Data

Wewe nenda kalale. Kuingilia sistimu ya mtu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hatutaki uzi ufungwe kwa ajili yako. Ukitaka kujaribu, sakinisha ya kwako kwenye laptopu yako uiangushe mpaka uchoke.

Mtoto wa Tukuyu

Kwa wale wanaosema haiibi data siyo tatizo, someni habari ya Slammer. Tarehe 25 Januari 2003, siku ya Jumamosi. Mdudu wa baiti 376 tu, anaenea kupitia poti ya UDP 1434 kwenye Microsoft SQL Server 2000. Hakuiba kitu, hakufuta kitu, hakujiandika hata kwenye diski, ukizima na kuwasha mashine ametoka. Kazi yake ilikuwa kujituma kwa anwani za kubahatisha basi. Walioambukizwa mwanzoni walikuwa wanaongezeka maradufu kila sekunde 8.5, na ndani ya dakika kama 10 seva nyingi zenye ule udhaifu duniani zilikuwa zimeshaliwa, angalau 75,000. Intaneti Korea Kusini iliyumba vibaya, ATM za Bank of America zikagoma kutoa hela.

Pachi yake ilitoka Julai 2002. Nusu mwaka mzima ipo pale inasubiri mtu aisakinishe.

Na walioliwa wengine hawakujua hata kama wana databesi. Kuna toleo dogo la ile SQL Server liliitwa MSDE, lilikuwa linakuja limefichwa ndani ya programu nyingine za kawaida za ofisini. Mtu kasakinisha programu yake, kumbe kasakinisha na seva ya databesi inasikiliza netiweki.

Mhehe Halisi

Hii ya MSDE ndo XAMPP yetu ya leo, kile kifurushi cha seva ya wavuti na databesi kwa pamoja. Mtu amesakinisha XAMPP afanyie mazoezi chuoni, kamaliza, akaichukua ile ile akaiweka kwenye kompyuta ya duka, akafungua poti kwenye rauta ili tawi la Makambako lisome. Muulize databesi ipo toleo gani hajui.

Kijana_Uyole

Mkuu mbona kama unanisema mimi 😶

BabaViazi

Sasa tupeni dawa, maana mnatisha tu. Mi sina muda wa kuapdeti kila miezi mitatu, na nikiapdeti kitu kinavunjika mteja ananipigia saa tano usiku.

Mzee wa Kabwe

Kuapdeti hakukwepeki mkuu ila sikatai kunaumiza, mi mwenyewe sigusi seva ya mtu kipindi cha msimu, nasubiri Jumapili na bakapu niliyoijaribu kuirudisha, sio bakapu ya kuamini tu ipo. Ila MySQL 5.7 iliishiwa huduma Oktoba 2023, huyo hamna pachi unayoisubiri, na 8.0 ukomo wake ni Aprili 2026, kwa hiyo kama unaanza sistimu mpya nenda 8.4 moja kwa moja.

Ila pachi haimsaidii yule binti wa kaunta. Kwa hilo mimi naanza na poti. Poti 3306 isionekane intaneti kabisa, matawi yapite VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti), au bora zaidi yaongee na programu ya wavuti na databesi iongee na programu tu. Hili peke yake linakuondoa kwenye zile za 7.5 zote ambazo mtu anahitaji kukufikia tu. Pili programu ipewe yuza wake, mwenye kusoma na kuandika kwenye databesi moja, na awekewe ukomo wa koneksheni:

ALTER USER 'duka'@'10.0.0.5' WITH MAX_USER_CONNECTIONS 40;

Hapo programu ikichanganyikiwa inajaza 40 zake inakwama yenyewe, wewe bado unaingia, unapiga SHOW FULL PROCESSLIST, unaona kweri ipi imekaa sekunde 300, unaipiga KILL. Halafu kikomo cha muda:

SET GLOBAL max_execution_time = 5000;

Hiyo ni milisekunde, sekunde tano. Inakata SELECT tu, sio UPDATE, kwa hiyo huna haja ya kuogopa mauzo kukatwa katikati. Ripoti kubwa ya mwisho wa mwezi mpe yuza wake au iendeshe usiku. Na iandike kwenye faili la mipangilio pia, maana ukiwasha upya inapotea.

Koneksheni kuongeza kuwa 1000, kama wanavyoshauri wengine, mi sikubaliani kabisa. Zile kweri zilizokwama zitakuwa 1000 badala ya 151, memori itaisha, na Linux ikiishiwa memori inachagua prosesi iliyokula nyingi inaiua, na hapo aliyekula nyingi ni databesi.

Dada Data

Kwa PostgreSQL ni ALTER ROLE duka SET statement_timeout = '5s'; hii inakata kweri ya aina yoyote sio SELECT tu, kwa hiyo fikiria kwanza. Na idle_in_transaction_session_timeout wekeni jamani, kwa kawaida imezimwa. Mtu anafungua transakisheni (kundi la mabadiliko ambayo hayajathibitishwa), anaenda kunywa chai, kafuli zake zimebaki pale, akija mwingine na ALTER TABLE (kubadili muundo wa jedwali) anapanga foleni nyuma yake na kila anayekuja anapanga nyuma ya ile ALTER. Sistimu imelala na CPU iko asilimia mbili, utatafuta mchawi.

Na kile kisanduku cha kutafuta kirekebisheni pia, msiishie kuweka vikomo. Mtu aandike angalau herufi tatu, itafute kuanzia mwanzo wa jina, na kitufe kijifunge akishabonyeza mpaka jibu lije.

Kijana_Uyole

Wakuu nimeingia kwenye ya kwangu (sawa nakubali ipo, msinicheke). Nimeweka ile max_execution_time inakataa, inasema Unknown system variable. Nimekosea wapi?

Mhehe Halisi

Piga SELECT VERSION(), utuambie.

Kijana_Uyole

10.4.32-MariaDB

Mhehe Halisi

Hiyo sio MySQL, XAMPP ilishahamia MariaDB miaka mingi. Kule inaitwa max_statement_time na inahesabu kwa sekunde, kwa hiyo andika 5, ukiweka 5000 umejipa zaidi ya saa nzima. Afu hii ya MariaDB haichagui SELECT tu, inakata na UPDATE, kwa hiyo mwekee yule yuza wa programu peke yake. Na hiyo 10.4 iliishiwa huduma Juni 2024.

Kijana_Uyole

Sasa niapdeti leo leo?

Mzee wa Kabwe

Usiku huu hapana, kesho ni Jumamosi duka limejaa. Leo funga ile poti kwenye rauta, tengeneza yuza wa programu utoe root, uweke hicho kikomo. Jumapili mchana chukua bakapu, irudishe kwenye laptopu yako uone kama sistimu inafunguka, ikifunguka ndo uhamishe. Ukikwama niambie hapa, nitakuwepo baada ya ibada.

Kijana_Uyole

Ndaga fijo mkuu. Rauta yenyewe paswedi anayo bosi, ngoja nimpigie.